Kanzu Yako na Ndama wa Kidoti

Vigwaza, Ijumaa jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepata nafuu na siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi mzima, alhamdulillahi.

Kanzu uliyonitumia ilifika juzi. Nilipoifungua, udi wako ulinijia puani nikalia, mtu mzima mimi, nikajiona niko ukumbini kwetu Pangani. Leo nikaivaa kwenda kusali Ijumaa, na kurudi nikapitia zizini nayo mwilini. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kidoti, ng'ombe wetu wa maziwa, alikuwa amezaa punde tu na ndama kaangukia kwenye tope. Nilimwonea huruma. Nikamkumbatia, nikampangusa kwa kanzu mpaka akakauka, nikamweka mbele ya mama yake. Kidoti akamnusa, akarudi nyuma, akampiga teke. Kila nilipomsogeza, teke. Nilipojaribu kumkama akabana maziwa, hata tone.

Ndama asipopata dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni nadra kupona. Nami mwezi uliopita niliacha lango wazi, ndama akagongwa na lori. Tajiri akaapa kwamba akifa mwingine mikononi mwangu, nifungashe. Niliogopa, Mama, sikufichi.

Bibi Tabu, Mkwere anayesimamia zizi, alikuja akaninusa mimi kwanza. "Usimlaumu ng'ombe, mwanangu," akasema. "Huyu anamjua mwanawe kwa pua. Wewe umemletea bwana harusi."

Akaniamuru nivue kanzu niitupe nje ya zizi. Tukamwosha ndama kwa maji matupu, tukampaka kondo la nyuma mwili mzima na chumvi kidogo mgongoni, tukajibanza ukutani. Kidoti alisimama kitambo kirefu. Akaja, akanusa, akainua kichwa. Nilidhani teke linakuja. Akatoa ulimi akaanza kumlamba, akiguna kwa sauti ya chini. Ndama alinyonya kabla ya alasiri.

Nisalimie Mjomba Bakari, fundi wetu, umwambie kanzu imenikaa vizuri. Dada Mwanaidi na wanawe nawasalimu wote, na shangazi wa jirani asisahau kukukanda hilo goti.

Kanzu imeingia damu kifuani, Mama, na siwezi kuisalia mpaka niifue. Tangu alasiri ninayo mapajani na ndoo ya maji iko mbele yangu. Nikiifua, udi wako utatoka.

Mwanao akupendaye,
Saidi