Masahihisho ya Tangazo la Kifo cha Mwalimu Méthode Ciza

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Lyse, tangu shati lako jeupe libaki kwenye msumari nyuma ya mlango wetu hapa Albert Park, likingoja Jumapili.

Jumapili ilikuwa siku ya somo. Baada ya ibada watoto wa ghorofa yetu walijaa sakafuni, na wewe, uliyefundisha historia kwetu Gitega miaka kumi na tisa na hapa Durban ukawa kinyozi, ulirudi kuwa mwalimu. Somo likianzia popote, lilifika kwa Clement Attlee, waziri mkuu wa Uingereza, ambaye kitabu chake kisicho na jalada ulikinunua kando ya barabara Greyville.

Ulimsimulia kama jirani. Wakili wa familia yenye uwezo, aliyekwenda kuwaona vijana wa mtaa wa maskini mashariki mwa London, akahamia huko, akaishi kati yao. Akawa mwanajeshi, meya, mbunge. Mtu wa maneno machache, asiyetisha mtu. Mwaka 1945 akamshinda Churchill, shujaa wa vita, katika uchaguzi.

"Na gari la kampeni liliendeshwa na nani?"

"Na mke wake!" watoto walipiga kelele, nawe ukamwinamia mkeo Médiatrice, ambaye hana hata baiskeli.

Fabien, jirani yetu, alikuchokoza akiwa kwenye kiti chako cha kunyolea. "Mwalimu, ule muzungu wako alitufanyia nini sisi?"

"Sisi? Hakuna. Kwetu walitawala Wabelgiji. Tuliza kichwa, nitakukata sikio." Kisha ukaongeza: "Lakini nchi yake ilikuwa imetoka vitani, chakula kwa mgao, na bado Julai 1948 serikali yake ilianza kuwatibu watu bure. Kwa hiyo usiniambie kwamba haiwezekani."

Jumatatu ya wiki yako ya mwisho ulikwenda kliniki kuchukua pampu yako ya pumu, kama kila mwezi kwa miaka minane. Getini walisimama wanaume ambao si wauguzi wala walinzi, waliojipa kazi ya kuwazuia wageni wasitibiwe. Ukatoa karatasi yako ya ukimbizi.

"Hiki si kitambulisho. Kwenu hakuna hospitali?"

Muuguzi aliyezoea kukuita "Teacher" alikuwa hatua tatu ndani ya geti. Alitazama viatu vyake.

Jumatano ukarudi, wakakufukuza tena, na pampu ya dukani ilikushinda bei. "Wamekataa," ndilo neno pekee ulilotuambia, ukakaa dirishani kutafuta hewa. Ijumaa saa nane mchana hewa ikaisha.

Nasi tukafanya nini? Tuliogopa geti lilelile, maana mwanao Bertrand naye ana pumu. Tukaandika katika tangazo: "Amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi." Tukaambiwa ni mapenzi ya Mungu, tukaitikia amina. Mungu hakusimama pale getini kudai vitambulisho!

Wewe hukumruhusu mtoto yeyote kufuta kosa daftarini. "Likate kwa mstari mmoja, lionekane, kisha andika ukweli juu yake."

Basi leo tunakata. Hukufa kwa kuugua muda mfupi. Pumu ulikuwa nayo tangu utoto, na ungeendelea kuishi nayo. Ulikufa kwa sababu ulirudishwa getini mara mbili, na waliokurudisha wanatembea mjini, hakuna aliyewauliza hata swali moja.

Mwaka mzima tumemnunulia Bertrand pampu dukani kwa mikopo, kwa kuliogopa geti lile. Imetosha. Jumatatu ijayo tutakwenda naye kliniki sote, na tangazo hili mkononi.

Wanaokukumbuka: mkeo Médiatrice, ambaye sasa ndiye anayeshika kitabu Jumapili, wanao Lyse na Bertrand, dada yako Estella huko Gitega, na Fabien, ambaye hajakubali kinyozi mwingine na nywele zinamfunika masikio.

Daima tutakumbuka jinsi ulivyoishi. Na kila atakayetuuliza, tutamwambia jinsi ulivyokufa.