Gari ya Boito Haijapimwa

Fundi wangu,

Nimekuharibia jina. Wacha nianze hapo, kwa sababu hukupenda mtu wa kuzunguka. "Wampui, sema ugonjwa wa gari, sio ukoo wake," ulikuwa unaniambia. Haya basi. Boito nzima leo inasema Fundi Arap Koros alikuwa amechanganyikiwa akitoa magari mabovu, na aliyesema hivyo ni mimi.

Unaikumbuka pikapu ya Baba Njoki, yule wa duka la mbolea kule Boito. Uliiinua mwenyewe kabla presha haijakuangusha: springi ndefu, shoki ndefu, hosi ya breki ndefu, na zile tairi pana za kupanda matope ya kwao. Ulibakisha kitu kimoja tu, zile raba mbili za juu ya ekseli ya nyuma, zinazoizuia isipande kupita kiasi gari ikidunda. Gari ikiinuliwa hivyo, raba za zamani huwa fupi. Lazima ziongezewe chuma, na chuma hakikatwi kwa macho. Wewe ulinifundisha kubandika kipande cha sabuni ya mche kando ya hosi, kupandisha gurudumu moja kwa jeki mpaka mwisho, halafu kuingia chini kuangalia ile sabuni. Ikibonyea, ujue tairi inafikia hosi, na gari haitoki hapa.

"Bima kwanza!" Hivyo ndivyo ulivyosema pima, kama ulivyoniita Wampui badala ya Wambui, miaka tisa yote, na miaka tisa nilikucheka. Nilikuuliza kama gari inaenda kukaguliwa stika na askari. Ulinirushia kitambaa cha grisi ukasema, "Na wewe ukisalimia watu wetu 'shamgei' badala ya 'chamgei', mimi hucheka?" Ulikuwa unacheka, mzee. Nilikuona.

Sasa siku ile ulinipigia kutoka hospitali ya Longisa. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatoka nusu nusu. "Ile ya Boito isitoke. Bado bima." Nikasema sawa mzee, pona haraka. Na Mungu ananiona, nilisikia bima ile ya stika. Stika ya ile gari ilikuwa imeisha kweli, hata tulikuwa tumeizungumzia. Baba Njoki naye alikuja kukuona wodini, ukamwambia hivyo hivyo, akatoka hapo mbio kwenda kukata bima. Tungekuwa Wakipsigis ungetuambia kwa lugha yako na mambo yangeisha. Lakini sisi wawili ni watoto wa waliohamia, tukasikia tulichosikia.

Siku ya tatu alikuja na stika mpya. Tuliibandika kwa kioo pamoja, nikampa ufunguo. Sikuingia chini ya gari. Ilikuwa imeshikwa na mkono wako, na mimi ni nani wa kukagua mkono wako? Haki, hiyo ndiyo siwezi kujisamehe.

Wiki hiyo hiyo ukatuacha.

Hujui ni gari gani iliyokupeleka nyumbani Siongiroi. Mvua ilikuwa imenyesha na gari ya mochari ikakwama kabla ya kufika kwenu. Baba Njoki akasema, "Mleteni hapa, fundi wangu atapanda kazi yake mwenyewe." Watu wakamshukuru, wamama wakalia zaidi. Tukapakia jeneza nyuma, mimi na wapwa zako tukakaa kando tukilishika lisiteleze. Mama Cherono, mke wako, alikuwa mbele na dereva.

Shimo la kwanza, nikasikia. Ngo! Chini yangu, chuma kwa chuma. La pili, ngo! halafu mkwaruzo, tairi inasugua kitu. Watu walikuwa wanaimba, hakuna aliyesikia ila mimi. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya jeneza lako, na kila ikigonga nilihisi mgongano ukipita kwenye mbao. Hapo ndipo neno lako lilinirudia. Pima. Bado kupima. Nilitaka kupiga kelele gari isimame, lakini ningemsimamishaje mjane katikati ya matope na mume wake nyuma? Nilikuwa nahesabu mashimo na kuomba breki ishike kwenye mteremko wa mto. Ilishika.

Wakati nikimwaga udongo kaburini, Baba Njoki alikuwa ameshaondoka.

Nilimpigia simu. Nikaenda Boito mara ya kwanza, yuko shambani na mbolea. Mara ya pili, amebeba wagonjwa. Kila siku mvua, na ile barabara ya kwao unaijua, ukiteleza unaporomoka kwenye mashamba ya chai ya watu mpaka chini. Mara ya tatu nikampata, nikamwambia ukweli wote: kosa ni langu, nilisikia vibaya, lete gari. Unajua alinijibu nini? Alicheka. "Hii gari imembeba fundi mwenyewe mpaka kaburini na haikuyumba. Itamwangusha nani sasa?" Halafu uso ukabadilika. "Mzee hajamaliza hata mwezi, Wambui, na tayari unamkosoa?"

Fundi, alikuwa anakuamini kuliko macho yake. Imani hiyo ndiyo ingemuua.

Juzi nikasikia amejitolea kubeba wamama wa kanisa, kumi na wawili, wakamwone Mama Cherono na kumfariji. Kumi na wawili nyuma ya hiyo gari, kwenye huo mteremko! Nikamwendea asubuhi hiyo hiyo. Nikajaribu tena ukweli, hakusikia. Basi nikasema uongo. Nilimwambia akili yako ilikuwa imeanza kuhama. Kwamba ulikuwa unasahau nati, unauliza kitu kimoja mara tatu, na sisi pale gereji tulikuwa tunakuficha kwa sababu ya heshima. Nilisema bila kulia, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Alikumbuka ulivyokuwa ukiongea pale kitandani. Akasema "kumbe" moja tu, akanipa ufunguo.

Nimeiweka juu ya jeki leo. Hosi ya breki ya kulia ilikuwa imesuguliwa mpaka nyuzi za ndani zinaonekana, na nyingine zimekatika. Nikiibonyeza kwa kidole, majimaji yanatoka kama jasho. Sabuni nayo, niliibandika ili nijionee mwenyewe. Ilitoka kama chapati. Sasa nimebadilisha hosi, nimekata chuma, nimechomelea, nimepima mara mbili pande zote. Inafaa.

Lakini maneno hayachomelewi. Wamama walikwenda kwa gari nyingine, na wakafika na habari yangu. Mama Cherono amenipigia mchana. Sikuzoea kusikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo. "Wambui, ni kweli Baba Cherono alikuwa amechanganyikiwa? Mbona mimi sikuona? Nimelala na yeye miaka hiyo yote, nilikuwa naangalia nini?" Nikamwambia mtandao ni mbaya mama, nikakata.

Aibu yangu, mzee. Niliokoa watu kumi na wawili, nikaangusha mmoja, tena yule wako.

Kesho ni Jumapili. Nitapita Boito nimchukue Baba Njoki, aje asikie na masikio yake, na hiyo gari nitaendesha mimi. Nitasimama mbele ya Mama Cherono na watu wake wote nimwambie kwamba ulimi wako ndio ulilegea, akili ilikuwa nzima mpaka mwisho. Kwamba ulilala kitandani unakufa na bado ulikuwa unawaza gari ya mtu. Nimwambie hakukosa kuona chochote, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuona. Akinifunga mlango nitaondoka, na gereji nitamwachia ufunguo. Hilo nimeshalikubali.

Pumzika, Fundi. Nakuahidi, kesho jua likizama, mke wako hatakuwa anajiuliza tena alilala na nani.

Mwanafunzi wako,
Wambui