Tangi la Mwisho la Baba

Sfax, Alhamisi

Kaka Lutfi,

Mama anakusalimu. Mizeituni imezaa mno mwaka huu, na bati limeadimika. Baba aliagizwa tangi la mafuta la lita mia, bati halikutosha, akaniita karakanani. "Haya mwalimu, hiyo kalkulasi yako inasemaje?"

Nikapiga hesabu: bati hutumika kidogo kabisa kimo cha tangi kikilingana na upana wake. "Bati hukatwa kwa mkasi, binti, si kwa kalamu," akanitania, lakini akakata nilivyosema. Likatosha, na kipande kikabaki. Alicheka hadi machozi yakamtoka.

Kesho yake moyo wake ulisimama. Tulikupigia simu Marseille kutwa nzima, kisha tukamzika bila wewe.

Ule ugomvi wenu alishausamehe, kaka. Alitaka akwambie kwa mdomo wake.

Dada yako katika majonzi,
Naziha