Mlango wa Kwanza Haufunguki

Shangazi mpendwa, nimekuandikia mara tatu nikafuta, hii ya nne naituma kama ilivyo, naomba uniokoe kabla Jumatatu haijafika, kwa sababu maji yamenifika shingoni na kila ninayemuuliza ananiongezea ndoo.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na tatu, nasoma kompyuta, niko mwaka wa mwisho, na tangu shule ya msingi ninachokitaka ni kimoja, kutengeneza michezo ya video, si kuicheza tu, ingawa kuicheza nako sijambo, na hapo ndipo wasiwasi wangu wa kwanza unapoanzia maana sijui kama naipenda kazi au naipenda raha, kwani anayependa kula si lazima awe mpishi. Halafu wapo wanaoniambia kazi yenyewe ni ya misukosuko, kwamba mnakeshea mchezo mmoja mwaka mzima na ukishatoka mnaambiwa ahsanteni kwaherini, na mwalimu wetu mmoja alisema nafasi ni chache kuliko meno ya kuku, darasa zima likacheka, mimi nikacheka pia ili nisionekane nimeumia.

Sasa Shangazi, baba yangu ni fundi friji, karakana yake iko mbele ya nyumba yetu na mimi nimekulia humo nikimshikia tochi. Chuo kinatutaka tufanye mafunzo ya kazi miezi mitatu ndipo tuhitimu, basi baba bila kuniambia akavaa koti lake la harusini, koti ambalo hata siku dada yangu anaolewa alisema linambana, akaenda kwa mteja wake ambaye ni meneja wa kampuni ya bima, akamwomba anipokee kwenye chumba chao cha kompyuta, akakubaliwa. Aliporudi uso ulikuwa umemkunjuka, akaniambia, "Mwanangu, nimeshakutafutia. Sasa usiniangushe." Nikasema ahsante baba. Natakiwa kuripoti Jumatatu saa mbili asubuhi.

Nisichomwambia ni kwamba wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimetuma mchezo wangu kwa kampuni moja ya michezo, ya watu sita tu, iko ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, nimepita pale chini mara nyingi nikiangalia madirisha yao. Katika mchezo wenyewe unamwongoza fundi aliyeingia kwenye jengo la ghorofa nane lisilo na umeme, kila ghorofa akitengeneza kitu kimoja taa zinawaka na wapangaji wanaanza kusikika wakicheka na kugombana, nimeutengeneza kwa miezi kumi na minne, na wenzangu darasani waliucheza wote wakausifu, mimi mwenyewe nikiwa nimekaa pembeni yao nawaelekeza. Juzi nikajibiwa hivi, nanukuu: "Tumejaribu kufungua mlango wa kwanza kwa dakika arobaini, tumeshindwa. Njoo Jumatatu saa tatu asubuhi na mtu ambaye hajawahi kuuona mchezo huu. Atacheza, wewe utakaa nyuma yake. Hutasema neno wala kugusa kitu. Tunataka kukuona wewe."

Shangazi, hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Nimeitwa au nimetukanwa? Wanataka kuniona mimi nikifanya nini, nikinyamaza? Nimeufungua mchezo wangu, mlango nikaufungua mara moja, nikarudia mara ishirini, unafunguka. Sielewi watu sita wenye kazi hiyo wameshindwaje, mlango wenyewe ni wa kuvuta kidogo kwanza halafu unasukuma, kama ule wa karakana ya baba ambao mbao zake zilivimba, kila mtu anajua. Rafiki yangu tunayemwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo asilolibishia, anasema akufukuzaye hakwambii toka, hao wamenikataa kistaarabu, kisha dakika hiyo hiyo anasema niwe macho wasije wakauiba mchezo, nikamuuliza wataibaje kitu walichokikataa, akanuna. Mama nilimdokezea nusu, akaniambia mshika mbili moja humponyoka, lakini hakusema niachie ipi. Nikienda bima nitajiuliza maisha yangu yote, nikienda kule juu ya duka la rangi nimemvua baba nguo mbele ya mteja wake. Nikimwangalia baba nataka kulia na nikiuangalia mchezo nataka kulia. Nifanyeje?

Ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Shangazi anajibu:

Binti yangu, kwanza vuta pumzi, maana barua yako nimeisoma bila kupata pa kuvutia yangu. Michezo hiyo siijui, simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Lakini umeniandikia sentensi moja iliyobeba shida yako nzima, na wewe umeipita mbio: "kila mtu anajua". Kila mtu nani? Wewe, baba, mama na dada. Hao ni watu wanne, nao wote wamekulia au kuzeekea mlango mmoja uliovimba. Nyani haoni kundule, mwanangu. Umeweka mlango mbovu wa kwenu katika jengo la watu wengine, halafu unashangaa wageni wamebaki nje. Na hao wenzako wa darasani hawakuufungua, uliwafungulia wewe kwa mdomo.

Sasa, umeitwa au umetukanwa? Umeitwa. Mtu asiyeutaka mchezo wako angeuzima dakika ya tatu akaenda kunywa chai. Hawa wamehangaika nao dakika arobaini, na bado wanataka kukuandalia kiti. Wanachotaka kukiona ni kama unaweza kumtazama mtu akishindwa na kazi ya mikono yako bila kumpokonya. Hilo linauma, nalijua. Nilipoanza safu hii mhariri alinikalisha nimsikilize mfagizi wa ofisi akisoma jibu langu kwa sauti. Mama yule alielewa kinyume kabisa cha nilichoandika, nami nimeamriwa ninyamaze. Nilitoka pale nimevimba kama andazi, nikaandika upya, na jibu la pili ndilo lililochapishwa.

Kuhusu raha na kazi, acha kujitesa. Raha huchoka wiki ya pili. Mtu aliyewasha taa za ghorofa nane kwa miezi kumi na minne bila kulazimishwa na mtu anafanya kazi. Kuhusu misukosuko, usinichukulie mimi wala mwalimu wenu kuwa mashahidi. Jumatatu utakuwa na watu sita wanaoifanya, waulize: mnatoka saa ngapi, na mchezo ukiisha mnakwenda wapi? Wasikilize vizuri wakijibu, na usikilize pia wanapokwepa.

Ila kuna jambo limenikasirisha. Umelia mara mbili katika barua moja, umepiga kura kwa Wakili na kwa mama, lakini hukumuuliza meneja swali jepesi kabisa: naweza kuanza Jumatano? Nani alikuambia Jumatatu unachagua maisha yako yote? Kule juu ya duka la rangi hujaahidiwa chochote bado, na mafunzo unayahitaji ili uhitimu. Kwa hiyo Jumatatu saa tatu uwe kwenye kiti chako, umenyamaza. Usiurekebishe mlango kabla ya hapo, waache wauone ulivyo. Uende na mtu asiyewahi kukanyaga karakana ya baba yako, na kama hakupendi sana ni vizuri zaidi, maana hatakuonea haya. Meneja umpigie wewe mwenyewe, umwombe siku mbili, usimtume mzee wa watu tena. Na wale sita wakikutaka, ndipo uulize chuoni kama mafunzo yako yanaweza kuhamia kwao. Wasipokutaka, unayo Jumatano.

Lakini meneja atakuwa wa pili kusikia. Wa kwanza ni baba. Aliomba kwa unyenyekevu, na wewe ulisema ahsante ukijua alichokuwa hajui. Kumwacha aje kulisikia kwa mteja wake itakuwa ndiyo kumvua nguo kwenyewe. Mwambie leo, karakana ikiwa haina watu. Mwambie ulituma mchezo kabla hajaenda, na kwamba uliogopa. Atakasirika, na ana haki. Usijitetee, usimkatize, wala usimwite mama aje akusaidie. Akimaliza kusema yote, mwombe msamaha kwa kumficha. Kwa kuitaka kazi hiyo, usimwombe.