Makaburi ya Kilimani

Jumatatu, 1 Aprili
Siku ya pili ya Pasaka, siku ya kuzuru wafu. Tumepanda makaburini, mimi na mama mkwe, Satenik. Ubani, mayai mekundu, divai kidogo juu ya kaburi la Hrayr, mume wangu. Mwaka wa nne sasa tangu vita vimchukue. Mama kaufuta uso wake uliochongwa kwenye jiwe, kwa upindo wa sketi, kama anamfuta mtoto makamasi. Nimelia tena, bila haya.

Ijumaa, 19 Aprili
Redioni — mpaka unachorwa upya. Kilima kinakwenda kwa Azabajani, walewale tuliopigana nao. Na makaburi yamo humo humo! Shemeji Zaven katoka mbio kwenda kufunga barabara na wenzake, wanataka serikali ijiuzulu. Nami nikaropoka: bila mpaka vita vitarudi, na mwanangu Areg ana miaka kumi na saba. Shemeji akaniita Mturuki, yaani adui. Mbele ya mtoto! Kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo.

Jumapili, 12 Mei
Shemeji karudi kutoka maandamano ya Yerevani, mji mkuu, sauti imemkauka. Watu wengi, faida hakuna. Kasema basi, tumfukue kaka, tumzike huku chini. Padri kakubali. Mimi sitaki vita, na sitaki mume wangu abaki ng'ambo. Maji yamezidi unga.

Alhamisi, 23 Mei
Kesho alfajiri walinzi wa mpaka wa Azabajani wanapanda. Tumekuja na majembe na jeneza jipya. Padri kaomba. Shemeji kainua jembe — mama huyo, kaketi juu ya kaburi!

Nikamwambia, mama, inuka, muda unakwisha.

"Mwanangu nilimzika mara moja," akasema. "Mara ya pili siwezi. Nichimbieni mimi hapa pembeni yake."

Shemeji akatupa jembe, akaangua kilio. Ofisa wetu mmoja, kijana mpole, kaninong'oneza: dada, wewe atakusikiliza, ama sivyo tutambeba. Nikaomba atupe mpaka jua lizame.

Naandika nimeketi karibu naye. Nimemshika mkono mmoja, ngozi na mifupa tu, lakini wa pili hauliachi jiwe. Eti mpaka ni amani. Ndivyo nilivyosema, na bado naamini, Mungu anisamehe. Jua limeshagusa milima. Ofisa kawaita wenzake wawili, wanapanda. Chini barabarani Areg ananiita, mama, shuka twende. Ameita mara ya pili. Bado nimemshika mama mkono —