Vigelegele Vitano vya Choo

Warigia, nakuandikia nyuma ya kadi ya kliniki. Usicheke kabla hujamaliza.

Siku nne tangu nijifungue, nyuzi zinachoma, choo hakuna. Nesi akanitangazia wodi nzima ikisikia: "Mama, bila haja kubwa huendi nyumbani."

Leo nimeenda. Nilishika ukuta, nikaogopa kupasuka, nikaenda.

Natoka tu, nesi: "Imetoka?"

"Imetoka."

Mama mkwe, na chupa yake ya uji, akapiga vigelegele. Vitano, Warigia! Wodi ikaitikia. Vitano vya desturi yetu, kama nimezaa mvulana.

Binti yangu huyu alipozaliwa alimpigia vitatu.

Sikucheka wala kulia. Nimembadilisha nepi tu, sihisi kitu.

Kesho narudi nyumbani, mtaani Bahati. Njoo umpigie viwili vilivyobaki.