Loreng Hataki Kula

Lodwar, 6 Februari 1971

Baba mpendwa,
Ejok? Natumaini wewe na kaka zangu hamjambo. Mimi mzima, nafua mashuka hospitalini kama kawaida. Atabo wa lori ameniambia mnahamia upande wa Nadapal kutafuta majani, na Loreng mtamwacha kwa kuwa hawezi tena mwendo. Baba, mbwa huyo nimechunga naye. Nipe mimi. Ninao mbwa wazee wengine wawili walioachwa na maofisa waliohamishwa. Kazi yao kulala tu, nami nawapenda.
Binti yako, Nawoi

Kakuma, 15 Februari

Mwanangu,
Sisi wazima, mbuzi ndio wamekonda. Anayeniandikia ni katekista Lopeyok. Ninyi watu wa mjini mna wazimu: nani hulisha mbwa asiyechunga? Haya, Atabo anakuja naye. Sikwenda kumwona akipandishwa lori.
Baba yako

Lodwar, 24 Februari

Baba,
Habari za huko? Za hapa si nzuri. Loreng ana siku tano hajala. Kila asubuhi nampa maziwa, samaki wa Kalokol, hata uji wangu. Ananusa, kisha anarudi kulala langoni. Naogopa nimemleta kwangu afe njaa. Nifanye nini?
Nawoi wako

Kakuma, 1 Machi

Mwanangu,
Pole. Umesahau boma upesi hivyo? Loreng hali kabla mbuzi hawajaingia. Anawangoja. Azima mbuzi kwa jirani, uwapitishe langoni jioni, ndipo umpe. Tunaondoka kesho, na huko hakuna wa kuniandikia.
Baba yako

Lodwar, 9 Machi

Baba,
Hujambo? Lopeyok atakuwekea barua hii. Jirani yangu Keziah, karani, alinicheka sana, lakini akanipa mbuzi wake watatu. Walipopita, Loreng aliinuka, akawafuata mpaka ndani, akala akalamba sufuria. Nililia, Baba. Sasa tunafanya hivyo kila jioni.
Nawoi wako

Kakuma, 20 Novemba

Nawoi mwanangu,
Ejok? Lopeyok amenisomea barua yako leo, mara mbili. Nimerudi peke yangu. Magoti yamekataa. Kaka zako wameendelea na mbuzi, na siwalaumu, ningewachelewesha. Ila inauma. Je, Loreng bado yupo? Atabo anaondoka Ijumaa, nami nitakuwa ndani ya lori. Majirani wakikuuliza, waambie nimekuja kumwona mbwa.
Baba yako